Roli la waya wa unga libaki kavu: kwenye mashine, kwenye ndoo au kwenye kabati la balbu?

Ukimwambia fundi wa Chang'ombe au Kizota, hapa Dodoma, kwamba waya wake wa unga, ule wa kuchomelea wenye unga ndani, umeshika unyevu, atakuonyesha vumbi lililojaa mlangoni na kukuuliza huo unyevu umetoka wapi. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua zetu ni za msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili hivi, na kwa mwaka mzima ni takriban milimita 550 hadi 600. Kuanzia Mei mpaka Novemba midomo inapasuka kwa ukavu. Nani ahangaike kufunika roli la waya?

Nilianza kuhangaika Januari moja, kwa sababu ya ekseli. Mzee mmoja aliileta kutoka upande wa Kibaigwa, ekseli ya tela lake la ng'ombe, chuma kinene kilichotolewa kwenye lori kuukuu. "Mwanangu, tela hili ndilo linaloleta maji nyumbani, naomba niipate kesho." Nikaichomelea jioni ile ile kwa waya wa unga, aina ya E71T-1 wenye unene wa milimita 1.2, na gesi ya CO2. Roli lilikuwa limekaa kwenye mashine tangu kabla ya Krismasi. Mshono ulitoka mzuri, isipokuwa juu yake kulikuwa na vijistari virefu vyembamba, kama njia za mchwa ukutani. Nikavipitishia grainda, nikapaka rangi. Asubuhi mzee alipofika, kando ya mshono tulikuta ufa mwembamba kama unywele, umetoka ukingo mmoja hadi mwingine. Usiku kucha hakuna aliyeigusa.

Ufa wa namna hiyo huja kwa kuchelewa. Unyevu ukifika kwenye moto wa kuchomelea, maji yanavunjika na hidrojeni inaingia kwenye chuma kilichoyeyuka. Sehemu yake hutoka na kuacha vitundu au zile njia za mchwa. Inayobaki hutembea polepole ndani ya chuma kilichokwisha poa, na kama chuma ni kinene na kigumu, kama ekseli, inaweza kukipasua baada ya saa kadhaa, hata baada ya siku mbili. Makosa yangu yalikuwa mawili: sikuipasha moto ekseli kabla ya kuchomelea, na nilitumia roli lililokaa wazi karibu mwezi mzima wa mvua. Nikarudia kazi kwa gharama yangu. Niliikata sehemu yote iliyopasuka, nikaipasha moto, nikafungua roli jipya, na baada ya kumaliza nikaifunika kwa majivu makavu ipoe taratibu. Haikupasuka tena.

Tangu hapo nimejaribu njia karibu zote za kuhifadhi waya huu, na ninaziweka hapa moja baada ya nyingine ili mwenzangu achague inayomfaa. Swali linaloziamua zote ni hili: roli lako, tangu siku ulipolifungua, litakaa wazi siku ngapi kabla halijaisha? Mwenye kumaliza roli kwa siku mbili na mwenye kukaa nalo miezi miwili hawahitaji kitu kimoja.

Kwa nini waya huu hasa

Waya mtupu wa kawaida ni chuma kitupu. Ukipata unyevu, kutu itatokea juu na utaiona kwa macho. Waya wa unga ni utepe wa chuma uliokunjwa ukawa bomba jembamba sana, na ndani ya bomba hilo kuna unga. Pale kingo mbili za utepe zinapokutana, mara nyingi hazikuchomelewa; zimegusana tu, au zimepandana. Hewa inapita humo, na baadhi ya vitu vilivyomo kwenye unga vinapenda maji. Kwa hiyo waya unaweza kung'aa nje huku unga umelowa ndani. Ndiyo maana kulitazama roli tu hakutoshi.

Waliozoea rodi, vile vijiti vya kuchomelea, wasichanganye desturi. Rodi ya 6013 inavumilia mengi. Rodi ya 7018 ina masharti makali: kanuni ya Kimarekani ya kuchomelea vyuma vya majengo, D1.1, inaipa saa 4 tu nje ya oveni, na oveni yenyewe isipungue nyuzi 120 za Selsiasi. Rodi ya 6010 ni kinyume kabisa. Inahitaji unyevu wake kidogo, na ukiioka umeiharibu. Waya wa unga una mambo yake, na haufuati desturi ya hata moja kati ya hizo.

Soma pia herufi za mwisho kwenye boksi. Ukikuta H4, H8 au H16 baada ya namba ya waya, hicho ni kikomo cha hidrojeni, kwa mililita katika kila gramu 100 za chuma cha mshono. H4 ndiyo bora kwa vyuma vinene. Lakini kipimo hicho kinahusu waya uliohifadhiwa kama mtengenezaji alivyoagiza. Roli la H4 lililoning'inia wiki sita karakanani haliwezi kujivunia tena herufi hizo.

Unyevu wetu unatoka wapi

Kwanza Dar. Roli tunalonunua hapa mara nyingi limepitia bandari, ghala la pwani na duka la Kariakoo au Gerezani kabla ya kupanda lori kilomita 450 hivi kuja huku. Kama mfuko wake ulitoboka njiani, limekuja na joto na unyevu wa pwani ndani. Duka la Dodoma likiwa kavu kama kuni halitautoa unyevu huo.

Pili, maji tunayoyamwaga wenyewe. Kila asubuhi kijana wa karakana ananyunyiza maji sakafuni ili vumbi litulie kabla ya kufagia. Mashine imelala pale pale, chuma chake ni baridi kwa usiku wa Juni, jua linapanda, maji yanakuwa mvuke, na mvuke unatua kwenye kitu chenye baridi kuliko hewa. Nilikuja kulielewa hili siku nilipopitisha kidole kwenye kifuniko cha mashine saa mbili asubuhi, mwezi usio na hata wingu, kikatoka na maji. Siku hizi tunafagia kwa maranda yaliyoloweshwa kidogo, na mashine imepandishwa juu ya meza.

Tatu ni makontena. Kwenye maeneo ya ujenzi, Mtumba na Ihumwa, stoo ni kontena la bati. Mchana linachemka, usiku linapoa ghafla, na msimu wa mvua paa lake linatoa jasho kwa ndani mpaka linadondosha. Maboksi yaliyopangwa juu kabisa ndiyo yanayolowa.

Halafu msimu wa mvua wenyewe, ambao hauhitaji maelezo. Na mikono yetu: jasho lina chumvi, na alama ya kidole kwenye waya leo ni doa la kutu wiki ijayo. Unapobadilisha roli, vaa glavu kavu, safi.

Kuliacha kwenye mashine

Hii ndiyo njia ya wengi, na haigharimu chochote. Kwa karakana inayokula roli la kilo 5 ndani ya siku mbili tatu, kati ya Juni na Oktoba, mimi sina ugomvi nayo, hasa mashine ikiwa na chumba cha waya chenye mlango unaofunga vizuri. Funga mlango huo hata unapokwenda kula.

Shida ni pale mlango unapokuwa umevunjika bawaba, na karakana nyingi ninazozijua ziko hivyo. Hapo roli linashika unyevu, na vumbi la Dodoma linapanda nalo. Vumbi linaingia kwenye rola zinazosukuma waya, linakwenda hadi kwenye laina, mrija unaoupitisha waya ndani ya bunduki ya kuchomelea, waya unaanza kukwama na kuruka, na fundi analaumu mashine. Kufunika mashine nzima kwa nailoni usiku kunasaidia kwa vumbi. Kwa unyevu hakusaidii sana, kwa sababu nailoni inafungia ndani hewa ile ile iliyokuwapo, na asubuhi utaikuta imetoa matone upande wa ndani. Turubai la kitambaa ni afadhali.

Msimu wa mvua sikushauri kuliacha hata usiku mmoja kama kesho yake una kazi ya chuma kinene. Kuchomoa roli ni dakika mbili: kata ncha iliyopinda, funga ncha ya roli kwenye tundu la ukingo wake isije ikafumuka, basi.

Kulirudisha kwenye mfuko wake

Roli zuri huja kwenye mfuko wa foili uliofyonzwa hewa, umebana kama ngozi ya ngoma. Wakati wa kununua, mfuko ukiwa umelegea na unacheza, hewa imeshaingia, omba mwingine. Roli lililotolewa kwenye boksi kwa ajili ya maonyesho ya dukani usilichukue hata kwa punguzo.

Ukishakata mfuko huo, ule ubora wa kiwandani haurudi, lakini mfuko wenyewe bado una kazi. Ukate pembeni kabisa ili ubaki na nafasi ya kuukunja, rudisha roli pamoja na paketi za kunyonya unyevu, kamua hewa kwa mikono, kunja mdomo mara tatu na ubane kwa vibanio au mpira wa tyubu. Kwa wiki moja ya kiangazi inatosha. Foili ina adui mmoja, mikunjo: kila unapoikunja inapata vitobo visivyoonekana, na baada ya kufungua na kufunga mara kumi imekuwa kama mfuko wa kawaida.

Wapo wanaotumia mifuko ya kuhifadhia mahindi, ile tunayoiita kinga njaa, yenye mifuko miwili ya plastiki ndani na gunia nje. Wazo ni zuri, na mkulima yeyote wa Kongwa atakuonyesha namna ya kuufunga: unasokota mdomo wa mfuko wa ndani, unaukunja, unaufunga kamba, kisha unafanya vivyo hivyo kwa wa pili. Mfuko huo ulitengenezwa kuzuia hewa ili wadudu wafe. Plastiki yake inapitisha mvuke kidogo kidogo, kwa hiyo weka vinyonya unyevu ndani na usiutegemee kwa msimu mzima. Kwa kusafiri na roli la kilo 15 nyuma ya pikapu kutoka Dodoma hadi Mpwapwa siku ya manyunyu, sijaona kitu rahisi kuushinda. Funika tu kingo za roli kwa boksi, zisije zikautoboa.

Ndoo inayoziba na silika jeli

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo njia ninayoitumia zaidi.

Unahitaji ndoo ya plastiki ya lita 20 iliyokuwa ya rangi, yenye mfuniko wenye mpira wa kuzibia. Ioshe, ianike mpaka ikauke kabisa. Ijaribu: mimina maji kidogo, funga, igeuze kichwa chini juu ya karatasi, subiri saa nzima. Karatasi ikilowa, tafuta ndoo nyingine. Roli la kilo 5 lina kipenyo cha sentimita 20, linaingia vizuri, hata mawili likiwa moja juu ya jingine. Roli la kilo 15 lina kipenyo cha sentimita 30, nalo halipiti kwenye mdomo wa ndoo hiyo. Nimeona watu wakilisukuma mpaka likavunjika ukingo. Kwa hilo tafuta pipa la plastiki lenye mdomo mpana na pete ya kubana, na upime mdomo kabla hujalipa.

Silika jeli ni zile punje unazozikuta kwenye vipaketi ndani ya maboksi ya viatu. Vipaketi vya viatu havitoshi, na vingi vilishashiba zamani. Nunua punje zenye rangi, zinazobadilika zikishiba: za chungwa kwenda kijani, au za buluu kwenda waridi. Chagua za chungwa. Zile za buluu zina kemikali ya kobalti yenye sumu, na karakana zetu zina watoto wanaopitapita. Ziweke kwenye soksi safi ya pamba au kwenye mfuko wa kitambaa ulioshonwa, zisimwagike kwenye waya.

Watu huniuliza: kiasi gani? Tufanye hesabu. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 70 ina takriban gramu 16 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Ndoo ya lita 20 ni sehemu moja ya 50 ya mita hiyo. Kwa hiyo kila unapofungua na kufunga, umeingiza maji kama theluthi moja ya gramu. Silika jeli, ili iendelee kuiweka hewa katika hali ya ukavu hasa, tuihesabie uwezo wa kumeza maji sawa na sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Gramu 100 zitameza gramu 10, yaani ufunguzi wa mara 30 hivi. Ukifungua mara moja asubuhi na mara moja jioni, hizo ni wiki mbili. Weka gramu 200 na hutahangaika mwezi mzima. Mfuniko usiobana unaiharibu hesabu yote, ndiyo maana ile saa moja ya kujaribu kwa maji ina thamani.

Zikishashiba hazitupwi. Zitandaze kwenye sinia la chuma na uziweke kwenye oveni ya umeme kwa nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu mpaka rangi irudi. Juu ya jiko la mkaa inawezekana kwa moto mdogo sana, lakini moto ukizidi zinapasuka na kuwa nyeusi, na hapo hazinyonyi tena. Zirudishe kwenye chupa inayoziba zikiwa bado na uvuguvugu.

Mchele, chumvi na mkaa kwenye soksi nimeviona vikitumika. Mchele unanyonya kidogo sana. Chumvi ni hatari. Ikilowa inatiririka, na tone moja la maji ya chumvi juu ya waya ni kutu ya siku hiyo hiyo.

Udhaifu mkubwa wa ndoo ni huu: inalinda waya uliokauka, haiwezi kuukausha waya uliokwisha lowa. Roli la mwezi mzima wazi ukalitumbukiza kwenye ndoo leo, kesho halijawa jipya.

Kabati la balbu

Friji iliyokufa, isiyo na gesi, yenye mpira mzuri wa mlango. Ndani yake, chini, balbu ya kizamani ya nyuzi, wati 60. Juu, rafu za nondo ndogo au wavu, zikiwa na maroli. Toboa matundu madogo mawili, moja chini na moja juu, hewa itembee.

Watu wanadhani balbu inakausha hewa. Maji yaliyomo hewani yanabaki yale yale. Kinachobadilika ni kwamba hewa yenye joto inaweza kubeba mengi zaidi, kwa hiyo haina hamu ya kuyaacha kwenye waya wako. Tuseme usiku wa Januari hewa ya karakana ni nyuzi 18 na unyevu wa asilimia 80. Ipashe hadi nyuzi 30 ndani ya kabati, unyevu unashuka hadi karibu asilimia 39, bila kutoa tone hata moja. Watengenezaji wengi huomba usizidi asilimia 60, kwa hiyo hapo uko salama. Nyuzi 10 juu ya joto la nje zinatosha. Weka ndani kipimajoto kidogo chenye kipima unyevu na ukisome kila asubuhi.

Ndoo inakosa mambo mawili ambayo kabati linayo: nafasi ya maroli ya kilo 15, manne au matano, na uwezo wa kufunguliwa mara ishirini kwa siku bila kuhesabu punje. Kwa karakana yenye mafundi watano au stoo ya eneo la ujenzi, hili ndilo chaguo langu, na sioni linaloshindana nalo.

Lakini lina masharti. Balbu za LED hazitoi joto la maana, na zile za kizamani siku hizi ni za kutafuta. Taa za kulelea vifaranga zinapatikana kirahisi, ila nyingi ni wati 100 na kuendelea, na ndani ya kisanduku kilichofungwa zinaweza kulegeza roli la plastiki au kuwasha boksi. Ukiitumia, weka swichi ya joto inayokata kwenye nyuzi 40, na karatasi yoyote ikae mbali. Umeme: wati 60 mchana na usiku ni uniti 1.44 kwa siku, uniti 43 kwa mwezi. Zidisha kwa bei unayolipa, kisha linganisha na bei ya roli moja uliloharibu. Na kiangazi lizime kabisa mchana. Kuanzia Julai nawasha usiku tu.

Umeme ukikatika saa chache si msiba, mradi mlango usifunguliwe. Ukikatika usiku kucha wakati wa mvua, kabati linapoa pamoja na waya na hewa yake yote. Kwa sababu hiyo nimeweka kikopo cha silika jeli rafu ya chini.

Kuoka

Nitapita haraka. Roli la plastiki haliokwi. Litayeyuka, na kabla halijayeyuka litapinda kiasi kwamba waya hautoki tena. Kama una oveni ya rodi za 7018, usishawishike kulisukumia humo. Baadhi ya watengenezaji wanaruhusu kukausha upya waya fulani ulio kwenye roli la chuma, kwa joto na muda walioandika wenyewe kwenye karatasi ya waya huo. Bila karatasi hiyo mkononi, usikisie. Kuanika juani juu ya bati hakutoi maji yaliyoshikana na unga, kunaongeza vumbi. Kununua oveni kwa ajili ya waya wa unga peke yake ni hela iliyopotea kwa karakana ya saizi yetu.

Kununua kwa namna ya kutohifadhi

Kilo 15 ni bei nafuu kwa kila kilo, na ndiyo maana tunazikimbilia. Lakini karakana ya mageti na grili inayotumia kilo nne kwa wiki itakaa na roli hilo karibu mwezi mzima likiwa wazi. Kama kilo tatu za mwisho zitaleta vitundu, ule unafuu umekwenda kwenye grainda na kurudia kazi. Maroli matatu ya kilo 5, mawili yakiwa bado kwenye foili, yanakupa waya mpya kila wiki moja na ushei. Kwa fundi anayeanza, hili peke yake linashinda kabati.

Upo pia waya wa unga usio na mshono: bomba lake limefungwa kabisa kiwandani, na nje limepakwa shaba, kwa hiyo hewa haifiki kwenye unga. Bei yake iko juu, na mimi huuagiza Dar. Kwa mageti ni anasa. Kwa ekseli, ndoano za kuvutia tela na mikono ya winchi za visima, nimeacha kubishana na bei. Nje unaota kutu kama waya wowote, kwa hiyo nao unalala kwenye ndoo.

Kabla hujalaumu unyevu

Dodoma ina upepo, na upepo unaleta vitundu vile vile. Ukitumia waya wa gesi, kama E71T-1, kanuni ya D1.1 niliyoitaja inakataza kuchomelea kwenye upepo unaozidi kilomita 8 kwa saa bila kizuizi. Agosti na Septemba upepo wa hapa unakipita kiwango hicho kabla ya saa nne asubuhi. Kwa hiyo weka kinga ya bati, chukua kipande cha chuma safi kisicho na rangi wala kutu, hakikisha gesi inatoka sawasawa, kisha chomelea mstari mmoja. Fanya hivyo hivyo kwa roli jipya. Likitoka safi na la zamani likatoa vitundu na njia za mchwa, cheche nyingi na kigaga (ganda linalobaki juu ya mshono) kinachong'ang'ania, hapo umempata mwenye kosa. Volti ikizidi nayo huleta zile njia za mchwa, kwa hiyo usibadilishe kitufe chochote kati ya majaribio hayo mawili.

Waya usiotumia gesi, E71T-11 au E71T-GS, unastahimili upepo zaidi, na mafundi wengi wa nje wameuhamia kwa sababu hiyo. Unyevu unausumbua vile vile. Na GS ni ya kupitisha mstari mmoja tu, kwa bati na mabomba membamba. Usirundike mistari juu ya mistari.

Ningechagua nini

Fundi mmoja au wawili, mageti, madirisha, stendi za matanki: maroli ya kilo 5, ndoo moja yenye silika jeli gramu 200, roli lilale ndoo kuanzia Novemba hadi Mei. Kiangazi, kama linaisha ndani ya siku tatu, acha kwenye mashine yenye mlango mzima. Usinunue kabati.

Karakana kubwa au eneo la ujenzi: kabati la balbu, maboksi juu ya mbao mbali na ukuta na sakafu, lililoingia kwanza litoke kwanza. Kwenye kontena, usipange kitu chini ya sehemu ya paa inayodondosha.

Anayesafiri kwenda vijijini kutengeneza plau na tela: kilo 1 au kilo 5 tu, ndani ya foili na kinga njaa. Lisikae wazi chini ya turubai usiku.

Kazi ya chuma kinene, ya kubeba uzito au watu: roli jipya lililofunguliwa siku hiyo, au waya usio na mshono, na upashe moto chuma. Hapa ndoo yangu nzuri siitegemei.

Na roli lililokwisha kaa wazi? Vuta mizunguko ya nje, mita kadhaa, itupe, maana ndiyo iliyoshika unyevu zaidi. Jaribu tena. Kuongeza kidogo urefu wa waya unaotoka nje ya tipu (ncha ya bunduki), ndani ya kipimo cha mtengenezaji, kunaupasha moto kabla haujafika kwenye mshono na kupunguza hidrojeni kiasi. Kutu ikiwa imefika tabaka la pili na la tatu, peleka kwenye vyuma chakavu.

Tarehe ya kufungua tunaiandika kwa kalamu ya rangi kwenye ukingo wa roli, na kijana wa karakana haruhusiwi kulifunga kwenye mashine bila kuisoma kwa sauti. Lililopo kwenye ndoo leo lina siku ya 11 na limebaki kama kilo moja na nusu. Linakwenda kwenye grili za madirisha ya nyumba moja Nkuhungu. Ekseli iliyoletwa jana inasubiri roli ambalo foili yake bado imebana.